Umepewa hati ya mashtaka kazini serikalini: namna ya kujibu, kusikilizwa na kukata rufaa

Maswali ni yale yale. "Nimepewa barua ya kujieleza, nijibu au ninyamaze?" "Nimefukuzwa kazi halmashauri, niende CMA?" "Siku 45 zinaanzia wapi?" Mwongozo huu unajibu hayo kwa mtumishi wa umma wa Tanzania Bara: wizarani, ofisi ya mkoa, halmashauri, wakala wa Serikali au shirika la umma. Zanzibar ina sheria yake ya utumishi wa umma na Kamisheni yake, kwa hiyo usinakili hatua hizi kama zilivyo ukiwa huko. Polisi, magereza na wanajeshi nao wana taratibu zao. Mahakimu na watumishi wa mahakama wako chini ya Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Jambo moja libebe kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi kuliko kosa lenyewe. Mtumishi wa umma aliyefukuzwa hapaswi kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, iliongezewa kifungu cha 32A kinachomtaka mtumishi amalize kwanza njia zote zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Mahakama ya Rufani imeshalithibitisha hilo, hata kwa watumishi wa mashirika ya umma. Anayepeleka mgogoro CMA hukaa miezi akisubiri, kisha anaambiwa tume haina mamlaka. Anapogeuka kuangalia kalenda, siku zake 45 za rufaa zilikwisha zamani.

Kabla ya kuanza: kusanya hivi

Nunua faili moja la karatasi. Usitegemee simu, simu hupotea na picha hufifia. Ndani yake weka:

- Barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini na barua ya cheo ulicho nacho sasa.
- Kila barua ya shauri hili kwa mpangilio wa tarehe: ya kujieleza, ya kusimamishwa kazi, notisi, hati ya mashtaka, wito wa kamati, uamuzi.
- Nakala za majibu yako yote, zikiwa na mhuri wa masijala na tarehe ya kupokelewa.
- Hati za mishahara za miezi sita ya nyuma, zilizochapishwa kutoka ESS, mfumo wa mtandaoni wa kujihudumia watumishi. Ukifukuzwa unaweza kukosa kuingia kwenye mfumo, kwa hiyo chapisha mapema. Hali kadhalika maombi ya likizo na taarifa zako za PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji kazi wa watumishi.
- Vyeti vya hospitali, ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi), tiketi za safari, barua za msiba, chochote kinachoonyesha ulikuwa wapi na kwa nini.
- Nakala ya Sheria ya Utumishi wa Umma na Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2022. Kanuni hizi zilichukua nafasi ya zile za 2003. Watu wengi bado wanatembea na za 2003 kwenye simu, na wakati mwingine hata barua ya mwajiri huzitaja hizo.

Jihadhari na namba za vifungu. Toleo jipya la sheria za nchi, la mwaka 2023, lilianza kutumika 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria namba zimehama. Unapoandika, taja sheria kwa jina, kisha kifungu pamoja na toleo ulilosoma.

Onyo kuhusu nyaraka za ofisi. Usichomoe kurasa kwenye jalada la Serikali wala usilipige picha kwa siri, maana hilo linaweza kuwa shtaka la pili. Unachokihitaji kiombe kwa barua. Ukinyimwa, barua yenyewe ya maombi inageuka kuwa ushahidi wako kwenye rufaa.

Fahamu aina ya barua uliyopewa

Barua ya kujieleza inakutaka utoe maelezo. Bado hujashtakiwa. Mara nyingi ni sehemu ya uchunguzi wa awali, au ndiyo mlango wa utaratibu wa muhtasari, ambao unahusu makosa mepesi na adhabu kama onyo, karipio au kuzuiwa nyongeza ya mshahara.

Hati ya mashtaka ni jambo jingine. Hiyo ndiyo inayofungua utaratibu rasmi, unaoweza kuishia kwenye kufukuzwa kazi, kuteremshwa cheo au kupunguziwa mshahara. Huja pamoja na notisi inayokutaka ujibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa humo. Kutoripoti kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano, ambako watumishi wenyewe wanakuita utoro, kumo katika kundi hili zito. Watu hulichukulia kama kosa dogo la kuombea radhi. Adhabu yake ni kufukuzwa.

Barua ya kusimamishwa kazi si adhabu. Inakuweka pembeni wakati shauri linaendelea, mara nyingi kwa nusu mshahara. Ukiwa umesimamishwa, usiondoke kituo chako cha kazi bila ruhusa ya mwajiri ya maandishi. Hapa wengi hunaswa. Mtu anaona hana kazi ya kufanya, anaenda kijijini kulima, anaitwa kwenye kamati hapatikani, na shauri linasikilizwa bila yeye.

Hatua kwa hatua

1. Pokea na uandike tarehe. Usikatae kupokea barua. Kukataa hakuizuii, kunakunyima tu nafasi ya kujibu. Saini kwenye dispachi, yaani daftari la kukabidhiana barua, na pembeni ya saini andika tarehe na saa uliyopokea. Juu ya nakala yako andika kwa kalamu "Imepokelewa tarehe ..." siku hiyo hiyo. Kama barua ina tarehe ya wiki mbili nyuma, dispachi ndiyo itakayokuokoa.

2. Isome hati ya mashtaka kama fundi anavyokagua mota. Tafuta vitu vinne: kosa gani, kanuni ipi imevunjwa, lini na wapi, na umefanya nini hasa. Kisha angalia aliyesaini ni nani. Kwenye wizara mamlaka ya nidhamu ni Katibu Mkuu, kwenye sekretarieti ya mkoa ni Katibu Tawala wa Mkoa. Kwenye halmashauri mamlaka ni halmashauri yenyewe, yaani uamuzi wa kumfukuza mtumishi unapaswa kupita kwenye Baraza la Madiwani, na mkurugenzi huutekeleza. Kwenye wakala au shirika angalia sheria iliyoliunda. Hati inayosema tu "umekuwa ukikiuka maadili mara kwa mara" haijakupa kitu cha kujibu. Liandike hilo kwenye utetezi wako, lakini usiache kujibu kwa kisingizio kwamba hati ni mbovu.

3. Omba nyaraka mapema. Ndani ya siku mbili au tatu tangu upokee hati, andika barua fupi kuomba nakala ya kila kinachotajwa humo: daftari la mahudhurio, ripoti ya ukaguzi, taarifa ya uchunguzi wa awali, vocha za malipo. Taja tarehe na namba. Kama muda wa kujibu hautoshi, omba nyongeza kwenye barua hiyo hiyo na ueleze sababu. Usisubiri jibu la maombi hayo huku muda ukiisha. Jibu kwa kile ulicho nacho, na uandike kwamba nyaraka fulani uliomba tarehe fulani na hukupewa.

4. Andika utetezi ukifuata mpangilio wa mashtaka. Shtaka la kwanza, jibu la kwanza. Shtaka la pili, jibu la pili. Kila jibu lianze na neno moja kati ya mawili: nakanusha au nakiri. Kisha ukweli, tarehe na kielelezo. Umbo lake ni hili:

   YAH: UTETEZI DHIDI YA HATI YA MASHTAKA YENYE KUMB. NA. ... YA TAREHE ...

   *Shtaka la kwanza: kutokuwepo kazini kuanzia Jumatatu tarehe 9 hadi Jumanne tarehe 17 Juni, siku saba za kazi.*

   *Nakanusha. Tarehe 9, 10 na 11 nilikuwa na ED iliyotolewa na hospitali ya wilaya (Kielelezo A), na msimamizi wangu aliipokea tarehe 9 saa 3 asubuhi kama mhuri unavyoonyesha. Tarehe 12 na 13 nilikuwa kwenye ruhusa ya msiba iliyosainiwa na mkuu wa idara (Kielelezo B). Tarehe 16 na 17 nilikuwa kazini. Nimeomba nakala ya daftari la mahudhurio kwa barua yangu ya tarehe... (Kielelezo C) na sijapewa.*

   Tazama jinsi siku saba zilivyogawanywa hadi zikaisha zote. Utetezi wa utoro unaosema "nilikuwa mgonjwa kipindi hicho" bila kutaja siku unaacha mapengo, na kila pengo linahesabiwa dhidi yako. Yatosha upunguze siku zisizo na maelezo zifikie tano au chini ya hapo, na uzito wa shtaka unabadilika.

   Usimshambulie bosi. Inawezekana kabisa kwamba mkuu wa idara ana chuki na wewe, na pengine kila mtu ofisini anajua. Lakini kamati itapima kama ulikuwepo kazini au la. Kama chuki hiyo ina ushahidi, kwa mfano barua uliyowahi kumlalamikia, iweke mwishoni kwa aya moja.

5. Usikiri kwa bahati mbaya. Hili linahitaji kusemwa polepole. Utamaduni wetu unatufundisha kuomba radhi hata pale ambapo hatujakosa, na wazee ofisini watakushauri uandike "naomba nisamehewe, sitarudia" ili yaishe. Sentensi hiyo kwenye jalada ni kukiri kosa. Ukikiri, mamlaka haina sababu ya kuunda kamati ya uchunguzi, na kwenye rufaa utaulizwa unapinga nini ilhali ulikubali mwenyewe. Kama kweli ulikosa na unataka kukiri, kiri wazi, kisha eleza mazingira yanayopunguza uzito: muda uliotumikia, rekodi safi, hasara iliyorudishwa. Kama hukukosa, usiombe msamaha wa heshima.

   Vilevile usiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira katikati ya shauri. Aliyejiuzulu hana uamuzi wa kinidhamu wa kuukatia rufaa.

6. Wasilisha masijala, upate mhuri. Chapisha nakala tatu: ya mwajiri, yako, na ya mwakilishi wako. Peleka mwenyewe masijala, gongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, hakikisha tarehe inasomeka. Kumpa katibu muhtasari mkononi bila mhuri, kutuma kwa WhatsApp au kumwachia mlinzi getini hakuhesabiki.

7. Jiandae kwa Kamati ya Uchunguzi. Ukikanusha mashtaka katika utaratibu rasmi, kamati iundwe na usikilizwe. Mweleze mapema kiongozi wa tawi la chama chako cha wafanyakazi, TUGHE, TALGWU au chama kingine kinachokuhusu, na mwandikie mwajiri kwamba utakuwa na mwakilishi, ukitaja jina. Usisubiri asubuhi ya kikao ndipo umtafute.

   Ukiwa ndani, andika majina na vyeo vya wajumbe. Kama mmoja wao ndiye aliyefanya uchunguzi wa awali, au ndiye mlalamikaji, au atatoa ushahidi, pinga hapo hapo kwa sauti na uombe pingamizi liandikwe kwenye kumbukumbu. Kulitaja kwa mara ya kwanza kwenye rufaa hudhoofisha hoja. Una haki ya kusikia mashahidi wakisema mbele yako na kuwahoji. Andaa maswali mafupi kwa kila shahidi, matano yanatosha, yanayojibika kwa ndiyo, hapana au tarehe. Leta mashahidi wako na orodha ya majina yao uipeleke kabla ya kikao. Mwishoni usisaini ukurasa mtupu, wala kumbukumbu ambazo hujazisoma. Zikiwa na kosa, andika kwa mkono "sikusema hivi, nilisema ..." kisha usaini.

8. Subiri uamuzi kwa maandishi. Uamuzi wa mdomo hauna thamani. Barua inapaswa kueleza kosa lililothibitika, adhabu, na haki yako ya rufaa. Irudie hatua ya kwanza: dispachi, tarehe, saa.

9. Hesabu siku 45. Zinaanza siku ulipopokea uamuzi, na tarehe iliyochapwa juu ya barua haihusiki. Mfano: barua ina tarehe 3 Machi, wewe umeipokea 17 Machi. Siku ya kwanza ni 18 Machi. Machi inakupa siku 14, Aprili siku 30, jumla 44. Siku ya 45 ni 1 Mei, Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi ambayo ofisi zimefungwa. Kwa hiyo mwisho wako salama ni 30 Aprili. Na kama huna ushahidi wa tarehe ya kupokea, mtu akihesabu kuanzia 3 Machi, muda wako uliisha 17 Aprili. Mwendo wa majuma mawili umetegemea saini moja kwenye daftari.

   Lenga kuwasilisha ndani ya siku 30. Zile 15 zilizobaki ni za umeme kukatika, basi kuharibika na mwanasheria kuchelewa.

10. Peleka rufaa mahali sahihi. Uamuzi wa Katibu Mkuu, Katibu Tawala wa Mkoa, mkuu wa taasisi au halmashauri hukatiwa rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa anuani ya Katibu wa Tume, Dodoma. Asiyeridhika na uamuzi wa Tume hukata rufaa kwa Rais, nako ni ndani ya siku 45. Walimu wa shule za msingi na sekondari za Serikali wana njia yao: makosa mazito husikilizwa na mamlaka ya wilaya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, rufaa huenda Tume hiyo makao makuu, kisha kwa Rais. Mwalimu anayepeleka rufaa Tume ya Utumishi wa Umma amepoteza muda. Nakala ya rufaa mpe mwajiri wako siku hiyo hiyo, upate mhuri. Mwajiri akishapokea anapaswa kupeleka Tume majibu na vielelezo vyake ndani ya siku 14, na Tume inahitaji pande zote mbili ili iamue.

11. Andika sababu za rufaa, kisha hoja. Rufaa haihitaji kurasa 20. Tatu au nne zinatosha pamoja na viambatisho. Anza na maelezo mafupi ya wewe ni nani, cheo, kituo, tarehe ya ajira, adhabu na tarehe uliyoipokea. Kisha sababu, kila moja kwa sentensi moja:

    *Kwamba Mamlaka ya Nidhamu ilikosea kunifukuza kazi bila kuunda Kamati ya Uchunguzi ilhali nilikanusha shtaka kwa maandishi.*

    *Kwamba sikupewa nafasi ya kumhoji shahidi ambaye maelezo yake ndiyo msingi wa uamuzi.*

    *Kwamba nimetiwa hatiani kwa kosa ambalo halimo kwenye hati ya mashtaka.*

    *Kwamba uamuzi umetolewa na mkurugenzi bila kupitishwa na mamlaka ya nidhamu.*

    Chini ya kila sababu weka aya moja au mbili za hoja na namba ya kielelezo. Usiweke sababu ambayo huna karatasi ya kuithibitisha. Sababu mbili imara zinapita kumi za kubahatisha, kwa kuwa anayesoma akikuta tano za mwanzo ni tupu atakuwa ameshachoka akifika kwenye ya sita ambayo ndiyo nzito. Malizia kwa kusema unaomba nini: uamuzi utenguliwe, urejeshwe kazini, ulipwe mshahara uliozuiwa.

12. Ambatanisha kila kitu na upeleke. Hati ya mashtaka, notisi, utetezi wako, wito wa kamati, barua ya uamuzi, vielelezo kwa herufi. Weka ukurasa wa kwanza wenye orodha ya viambatisho na idadi ya kurasa. Ukiwa mbali na Dodoma tuma kwa EMS, huduma ya posta ya haraka, na utunze risiti pamoja na namba ya kufuatilia. Ukienda mwenyewe, pata mhuri.

Makosa yanayojirudia

Kutofautisha rufaa na malalamiko kunawashinda wengi. Rufaa inapinga uamuzi wa kinidhamu. Malalamiko yanahusu mambo mengine ya kiutumishi, kama kucheleweshewa kupanda cheo au kunyimwa stahili. Ukiipa rufaa jina la "malalamiko yangu" na kuijaza habari za nyumba ya Serikali na posho za mwaka juzi, hoja ya msingi inazama.

Kosa jingine ni kumwandikia kila mkubwa. Barua moja inaenda kwa Waziri, mkuu wa mkoa, mbunge, TAKUKURU na ofisi za chama tawala, kisha mtumishi anakaa kusubiri huruma. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosimamisha siku 45.

Usiiweke hati ya mashtaka kwenye kundi la WhatsApp la ofisi ukitafuta faraja. Kwenye hati kuna siri za Serikali, na kundini kuna watu wa kila aina.

Na jipange kifedha. Kuwasilisha rufaa hakurudishi mshahara, na shauri linaweza kuchukua miezi.

Mambo yakikwama

*Mshahara umekatika ghafla, hakuna barua yoyote.* Mwandikie mwajiri kuuliza sababu na kuomba uamuzi kwa maandishi, mpe siku saba, gongesha mhuri. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ukiambatanisha barua hiyo na hati za mishahara za kabla na baada. Endelea kuripoti kazini na kusaini mahudhurio. Wakikuzuia kusaini, andika barua ya siku hiyo hiyo kueleza, la sivyo utaletewa shtaka la utoro kwa siku ulizokaa getini.

*Masijala wanakataa kugonga mhuri.* Usigombane na karani, ameagizwa. Tuma barua ile ile kwa EMS kwa anuani ya ofisi, tunza risiti, na kwenye rufaa eleza tarehe uliyokwenda na nani alikuwepo.

*Siku 45 zimeshapita.* Peleka rufaa pamoja na maombi ya kupokelewa nje ya muda, kwa pamoja. Eleza kuchelewa kwako siku kwa siku na uweke ushahidi: ulilazwa kuanzia lini hadi lini, uamuzi ulikufikia lini kweli. "Sikujua sheria" na "nilikuwa natafuta wakili" havitoshi. Kama muda ulipotelea CMA, ambatanisha fomu ya CMA na uamuzi wa kuondolewa kwa shauri, ili ionekane hukuwa umelala. Usiongeze hata siku moja baada ya uamuzi huo.

*Kuna kesi ya jinai mahakamani kwa jambo hilo hilo.* Shauri la nidhamu kwa msingi ule ule linapaswa kusubiri kesi imalizike. Likiendelea, pinga kwa barua. Ukiachiwa huru, huwezi kuadhibiwa kwa shtaka lile ulilofutiwa, lakini mwajiri anaweza kukushtaki kwa kosa tofauti la kiutumishi linalotokana na mwenendo wako. Hivyo hukumu ya kuachiwa huru haimaanishi ukae bila kujiandaa. Omba nakala yake iliyothibitishwa na mahakama mara moja, uipeleke kwa mwajiri.

*Tume imetengua uamuzi lakini ikaagiza shauri lianze upya.* Hii hutokea pale utaratibu ulipovurugwa na mwajiri. Umerudi kwenye hali ya mtumishi, lakini mashtaka yanaweza kurudi, safari hii yakiwa yameandikwa vizuri zaidi. Mwandikie mwajiri ukiambatanisha uamuzi wa Tume, omba kurejeshwa kwenye orodha ya malipo na kulipwa mshahara uliozuiwa. Halafu rudi hatua ya kwanza na faili lako, maana sasa mwajiri anajua hoja zako zote.

*Umeshinda, mwajiri hatekelezi.* Andika kumkumbusha kwa kutaja kumbukumbu namba ya uamuzi, nakala kwa Katibu wa Tume. Dai la malimbikizo liwe na jedwali: mwezi, mshahara uliostahili, uliolipwa, tofauti. Ofisi ya uhasibu hailipi aya, inalipa jedwali lenye jumla.

*Rais naye amekataa rufaa.* Ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma njia imefika mwisho, ila Mahakama Kuu inaweza kuombwa kuupitia uamuzi kwa njia ya mapitio ya kimahakama. Kwanza unaomba kibali, na maombi hayo yana ukomo wa miezi sita tangu uamuzi. Hapa tafuta wakili ndani ya wiki ya kwanza, umpelekee faili lote likiwa limepangwa kwa tarehe, pamoja na dispachi.